Mkataba Ulikuwa Bado Upo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni haki gani tulikaribia kuipoteza kwa sababu tu hatukuijua. Yangu ni msaada wa ada ya nasari, na nilikaribia kuipoteza nikiwa nimelala chali sebuleni, Leicester, Uingereza, mwezi wa sita mwaka 2025.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Diski ya mgongo ilitoka mahali pake nikimgeuza bibi mmoja kitandani. Daktari akaniandikia wiki sita za mapumziko, kisha nane nyingine, kisha akaacha kutaja lini nitarudi. Mume wangu anafanya zamu za usiku kwenye ghala. Mtoto wetu alikuwa na miaka miwili, anakwenda nasari siku nne kwa wiki. Saa 15 zililipwa na serikali chini ya mpango wa wazazi walio kazini. Zilizobaki tulilipa wenyewe, na Universal Credit, ile posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ikaturudishia sehemu kubwa, maana kisheria inaweza kurudisha hadi asilimia 85 ya gharama, kwa kikomo fulani cha kila mwezi.

Zile saa za serikali kila miezi mitatu unatakiwa kuthibitisha kwenye akaunti yako kwamba hali haijabadilika. Ujumbe ukaja. Mimi nina wiki ya saba sijakanyaga kazini. Nimekulia Tanga, kwa baba ambaye dukani akizidishiwa chenji alikuwa anarudi na jua la mchana kuirudisha. Nikaona nikithibitisha kwamba niko kazini nitakuwa nimeidanganya serikali. Nikauacha ujumbe. Zile gharama za nasari nazo nikaacha kuziripoti Universal Credit. Nikaandika notisi ya mwezi mmoja kumtoa mtoto.

Na sitaficha, aibu ilichangia. Nilishawasikia watu wetu wakimsema mama fulani: mtoto yuko nasari, mwenyewe kalala nyumbani, hela za bure. Sikutaka kuwa mama huyo.

Jumamosi moja mume wangu katoka, nikafungulia mtoto maji ya kuoga. Kumwingiza kulikuwa rahisi, alipanda mwenyewe juu ya stuli. Kumtoa ndipo mgongo ulipokaza. Nilianguka kwa magoti pembeni ya beseni na sikuweza kunyanyuka wala kumnyanyua. Nikamshika mkono asiteleze. Maji yakaanza kupoa. Kizibo kilikuwa upande wa pili, sikikifikia, na yeye hakuelewa nilipomwambia akivute. Mwanzoni alicheka, akadhani ni mchezo, kisha midomo ikaanza kutetemeka. Tulikaa hivyo hadi jirani aliposikia sauti yangu ukutani. Bahati mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo.

Jirani huyo ni mama wa Malindi, mstaafu, amefanya kazi hizi hizi za wazee miaka mingi. Alimfunga mtoto taulo, akanilaza, ndipo akauliza kama mtoto anaendelea na nasari na mimi hali yangu ni hii. Nikamweleza habari ya notisi.

"Kwani umeachishwa kazi?"

"La, mama."

"Mkataba upo?"

"Upo."

"Basi wewe ni mfanyakazi aliyeugua, mwanangu. Jumatatu piga simu, uliza."

Nikawapigia Citizens Advice, shirika la kushauri watu kuhusu haki zao, ambao ushauri wao ni bure. Na hapa ndipo ningependa msomaji asimame kidogo. Katika mpango ule wa wazazi walio kazini, aliye kwenye likizo ya ugonjwa anahesabiwa yuko kazini, sawasawa na aliye likizo ya mwaka au ya uzazi. Universal Credit nayo, anayepokea SSP, yaani malipo ya ugonjwa ya kisheria kutoka kwa mwajiri, anachukuliwa kuwa bado kazini kwa upande wa gharama za malezi. Ila kuna jambo lililonitisha: kanuni inamlinda mgonjwa ili aendeleze mpango wa malezi uliokuwepo kabla hajaugua. Maana yake, kumtoa mtoto kwanza halafu kuanza kudai ni kujiwekea kikwazo mwenyewe. Notisi yangu ilikuwa imebakiza siku sita. Niliifuta siku hiyo hiyo. Tarehe ya mwisho ya kuthibitisha akaunti ilibakiza siku tano.

Gharama za mwezi mmoja nazo zilikuwa bado ndani ya muda. Za mwezi uliotangulia zilipita, kwa sababu malipo unatakiwa uyaripoti kabla kipindi cha tathmini kinachofuata, yaani mwezi wa hesabu wa Universal Credit, hakijaisha. Tulizilipa mfukoni, na mwaka ule SSP ilikuwa pauni 118.75 kwa wiki, kwa wiki zisizozidi 28. Piga hesabu ya nasari ya Uingereza juu ya hiyo.

Hizo wiki 28 zikikaribia kwisha usingoje. Mwajiri anatakiwa kukupa fomu ya SSP1, inayoonyesha SSP yako inakwisha, na ESA, ile posho ya asiyeweza kufanya kazi kwa ugonjwa, inayotokana na michango yako ya bima ya taifa, unaweza kuiomba hata miezi mitatu kabla. Kwa wenye wenza walio kazini, ESA hiyo inaweza kuendelea kuwafungulia zile saa za nasari. Na tafadhali, mtu asikushawishi ufungue Tax-Free Childcare, mpango mwingine wa serikali wa kuchangia ada ya malezi, ukiwa tayari uko Universal Credit, eti upate mbili. Huwezi kupata vyote viwili kwa wakati mmoja.

Nyumbani Tanzania, Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mgonjwa siku 126 ndani ya miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Tulikuwa tunaita ED, yaani ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini, na sijawahi kusikia mtu mwenye ED akiambiwa si mfanyakazi. Sijui kwa nini nilipovuka bahari nilijivua cheo hicho mwenyewe.

Najua wengi wetu kwenye kazi za wazee tuko na viza isiyoruhusu fedha za umma, yaani posho za serikali. Universal Credit hamuwezi kudai, na zile saa za wazazi walio kazini zinataka angalau mzazi mmoja awe na ruhusa hiyo. Lakini SSP si fedha za umma, ni haki ya mfanyakazi, idai. ESA ya michango vilevile. Na kwa hapa England, si Scotland, Wales wala Ireland Kaskazini ambako taratibu ni nyingine, kila mtoto wa miaka mitatu au minne ana saa 15 za bure bila kuangalia viza ya mzazi. Nimekutana na mama wawili waliomkalisha mtoto nyumbani mwaka mzima kwa kuogopa jambo hilo.

Mgongo haujapona sawasawa. Asubuhi mtoto ananishika mkono hadi geti la nasari, mwendo wa dakika kumi na moja na fimbo. Tarehe ya kuthibitisha nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye friji, na chini yake namba ya simu ya jirani.