Mars si Ares aliyebadili jina: kwa wanaoanza kusoma visasili

Mapema kabisa utapewa jedwali la miungu wa Kigiriki na wenzao wa Kirumi: Zeus ni Jupiter, Hera ni Juno, Poseidon ni Neptune, Aphrodite ni Venus. Likariri, maana mtihani utaliuliza. Ukishalikariri, anza kulitilia shaka.

Wageni huwa nawaanzishia kwa mungu wa vita: Ares wa Wagiriki, Mars wa Warumi. Ares hana heshima hata kwa Wagiriki wenyewe. Katika kitabu cha 5 cha Iliad, utenzi wa Homer wa vita vya Troy, shujaa wa Kigiriki Diomedes anamchoma mkuki kwa msaada wa mungu wa kike Athena. Mungu mzima anapiga ukelele, anakimbilia Olympus, mlima wa miungu, kushtaki kwa baba yake, naye Zeus anamwambia kuwa ndiye anayemchukiza kuliko miungu wote wa huko. Sasa njoo Roma. Mars ni baba wa Romulus na Remus, mapacha wa kisa cha kuanzishwa kwa Roma, yaani chimbuko la taifa. Mwezi wa Machi ni wake, na zamani ndio uliofungua mwaka. Mkulima alimchinjia nguruwe, kondoo na fahali ili shamba na mifugo vinusurike na maradhi. Ares gani huyo wa kuombwa ngano?

Kwa hiyo, kwa kila jozi, tazama ibada kabla ya hadithi. Washairi wa Kilatini, Ovid akiwa kinara wao, walichukua visa vya Kigiriki wakavipa majina ya Kirumi. Ukiwasoma wao tu, miungu wote watafanana. Hekaluni mambo ni mengine. Hestia wa Kigiriki na Vesta wa Kirumi, miungu wa kike wa moto wa mekoni, wote hawana visa vingi, lakini moto wa Vesta mjini Roma ulilindwa na mabikira sita, na kuzimika kwake kulihesabiwa kuwa balaa la dola nzima. Apollo alipokelewa na jina lake la Kigiriki, akajengewa hekalu mwaka 431 KK kufuatia tauni. Janus, mungu wa Kirumi wa milango na mianzo, hana mwenzake Ugiriki; nafasi yake iache wazi.

Msije mkadhani ulinganisho huu ni uzushi wa walimu. Mwaka 217 KK, Hannibal, jemadari wa Carthage, alipokwisha kuwachakaza kwenye Ziwa Trasimene, Warumi waliwaandalia karamu miungu 12, wawili wawili. Neptune aliwekwa pamoja na Minerva, ambaye kwenye jedwali ndiye Athena. Kwa nini? Kwa Kirumi haieleweki, mpaka ukumbuke Poseidon na Athena walivyogombea mji wa Athens. Mimi ningekuwa mtunga mitihani, ningeuliza hilo kila mwaka.

Katika daftari, andika jina kama lilivyo kwenye matini unayoisoma. Waliosoma Matendo ya Mitume 14 kwa Kiswahili wanajua Barnaba aliitwa Zeu na Paulo Herme. Biblia ya Kiingereza ya 1611 inasema Jupiter na Mercurius. Watu wa Listra wenyewe walikuwa wakipiga kelele kwa Kilikaonia, lugha yao ya kienyeji, kwa hiyo hata jozi ya Kigiriki hapo huenda inafunika miungu wengine wa kienyeji.