Kasha la tatu: niliyojifunza kwa kuandaa mashindano ya jiokashingi

Shindano langu la kwanza la jiokashingi, mchezo wa kusaka makasha yaliyofichwa, lilivurugikia kwenye kasha la tatu. Timu iliyotangulia ililikuta chini ya mzizi wa mti, wakaandika jina lao kwenye daftari lililomo, wakalirudisha. Ila walivyolirudisha sasa! Walilisukuma ndani urefu wa mkono mzima, wakalifunika kwa majani makavu, wakaweka na jiwe juu. Timu ya pili ilizunguka pale karibu nusu saa. Ya tatu ilikata tamaa ikapita. Jioni wakati wa kusoma matokeo, watu waliokuja asubuhi wakitaniana walikaa wamepeana migongo, na kila mwenye lawama alinijia mimi.

Nilitaka kuwakata pointi wale wa kwanza. Mmoja wao akaniuliza kwa upole kabisa, "Sheria iko wapi?" Sikuwa nayo. Karatasi niliyowagawia ilikuwa na saa ya kuanza, saa ya kumaliza na namba za makasha, basi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mtu anaficha kasha, anatangaza latitudo na longitudo ya mahali lilipo, wengine wanalisaka kwa GPS, yaani kwa simu au kifaa kinachojua mahali ulipo kwa mawimbi ya setilaiti. (Hapa Kiswahili kimebahatika. Neno kasha tulikuwa nalo siku zote, na linakaa kana kwamba lilikuwa likiusubiri mchezo huu.) Mei 2, 2000, serikali ya Marekani iliondoa kasoro iliyokuwa ikiitia kwa makusudi kwenye mawimbi ya GPS ya raia, kasoro ambayo iliweza kumpoteza mtu hata mita 100. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo porini huko Oregon, ndani yake mna vitabu, manati, kopo la maharage na vikorokoro vingine, akazitangaza namba zake za latitudo na longitudo kwenye intaneti. Masharti yake yalikuwa mepesi: ukiikuta, chukua kitu, acha kitu, andika kwenye daftari.

Yaani tangu siku ya kwanza, anayekuta anamwachia anayefuata. Sasa uchukue mchezo huo, uutie saa na zawadi. Papo hapo anayekuta anakuwa na kila sababu ya kumharibia anayefuata. Mwandaaji akilielewa hilo, mengine yote yanajipanga. Mimi nililielewa baada ya ugomvi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwapitisha watu wote njia moja, kasha la kwanza hadi la kumi na mbili. Ukifanya hivyo unazalisha foleni, na foleni inazalisha hila. Siku hizi naiga wanamichezo wa orientiringi, yaani mbio za kutafuta vituo kwa ramani na dira, ambao wana aina ya shindano ambapo kila kituo kina pointi zake, muda ni mmoja kwa wote, na kila mtu anajichagulia pa kuanzia. Naweka makasha kumi na mawili, natoa saa mbili, na nahakikisha hakuna timu inayoweza kuyamaliza yote. Hilo la mwisho msilipuuze. Timu ikijua haiwezi kupata yote, inalazimika kuchagua, na zikichagua zinatawanyika zenyewe bila mimi kuzipangia. Kila dakika ya kuchelewa kurudi inakula pointi moja. Timu iliyoshinda shindano langu la pili ndiyo iliyochelewa kuondoka: walikaa chini dakika kumi na karatasi na penseli huku wenzao wameshatimka mbio.

Pointi sizitungi kichwani. Jiokashingi tayari ina kipimo chake: kila kasha hupewa nyota 1 hadi 5 kwa ugumu wa kuligundua, na nyota 1 hadi 5 nyingine kwa ugumu wa njia. Najumlisha, kwisha. Kasha la nyota 2 na nyota 1.5 lina pointi 3.5. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba mguu na jicho vinahesabiwa sawa. Nyota 1 ya njia maana yake hata mwenye kiti cha magurudumu anafika. Kwa hiyo kila mara naweka makasha mawili au matatu yenye njia ya nyota 1 lakini ugumu wa nyota 4: yapo kando ya njia tambarare, mbele ya macho ya kila mtu, na hayaonekani. Vijana wenye mbio huyapita kama upepo. Wazee na watoto huyachuma moja moja.

Sasa turudi kwenye kurudisha, maana ndiko maneno yanakotokea. Sheria yangu ni hii, na naisoma kwa sauti kabla ya kipenga: ukilikuta kasha, piga picha kabla hujaligusa. Ukishalirudisha, piga nyingine ukiwa umesimama palepale. Kilichokuwa juu yake kiwe juu yake, kama ni jani ni jani, kama ni gome ni gome. Daftarini andika jina la timu na saa. Timu ikifika isilikute, au ikalikute limehamishwa, inanipigia simu, naenda na karatasi ya jibu, nalitafuta mwenyewe. Likiwa kweli limehamishwa, nafungua daftari. Aliyeandika mwisho ndiye aliyelishika mwisho, na pointi za kasha hilo anazipoteza yeye. Zile picha mbili ndizo utetezi wake. Tangu niweke utaratibu huo nimefungua daftari kwa kesi mara moja tu, na picha zikaonyesha kwamba timu ile haikuwa na kosa. Kasha lilikuwa limeteleza lenyewe kwenye mteremko.

Daftari hilo litiliwe penseli. Kalamu ya wino hugoma karatasi ikipata unyevu kidogo, na wewe ushahidi wako wote umo humo.

La namba linahitaji uvumilivu. Wasakaji wa jiokashingi wamezoea kuandika nyuzi na dakika zenye desimali. (Dakika hizi si za saa: nyuzi moja ya latitudo au longitudo hugawanywa dakika 60, na kila dakika sekunde 60.) Karatasi yangu iliandika dakika 12.500, yaani dakika 12 na nusu. Timu moja ikaziingiza kwenye simu kama dakika 12 na sekunde 50. Ukitazama haraka vinafanana. Lakini dakika 12 na nusu ni dakika 12 na sekunde 30, kwa hiyo walikosea kwa sekunde 20, na sekunde moja ya latitudo ni takriban mita 31. Piga hesabu: zaidi ya mita 600. Waliishia kwenye uwanja mtupu, hakuna mti wala jiwe, wakawa wanainua vitu visivyoinuka. Nilipowafikia, mmoja alikuwa amelala kifudifudi anachungulia ndani ya bomba la maji.

Dawa yake inachukua dakika tano. Pale pa kuanzia nachagua kitu kimoja kinachoonekana, mathalani nguzo, nachukua namba zake, na kila timu inaziingiza kwenye simu yake mbele yangu. Simu ikisema nguzo iko mita chache, twende. Ikisema iko ng'ambo ya kilima, tunarekebisha palepale, na mpangilio wa ramani tunauhakikisha uwe WGS84, ule mfumo wa vipimo ambao GPS yenyewe hutumia. Wapo wanaoona nawachelewesha. Ni wale ambao hawajawahi kuchungulia bomba.

Na wewe unayeficha, usichukue namba mara moja ukaondoka. Simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kwa mita tano hivi. Chini ya miti minene au karibu na kuta ndefu hukosea zaidi, kwa sababu mawimbi ya setilaiti yanagonga huku na huku kabla ya kukufikia. Nenda siku mbili tofauti, chukua namba kila ukifika, tafuta wastani. Kisha mtume mtu ambaye hakuwepo ulipoficha akayatafute yote peke yake. Mimi humtuma dada yangu, ambaye hana huruma. Aliwahi kuniambia kasha langu la saba "si gumu, ni la uongo", na alipolipima upya tukakuta namba zimekosea mita kumi na nane.

Ruhusa ya mwenye ardhi ni ya kwanza, kabla hata ya kutangaza tarehe. Usichimbe. Usiweke karibu na reli, chini ya daraja, wala karibu na shule, maana watu wazima wanaopekuapekua vichaka karibu na watoto wa wenyewe watamtia mtu wasiwasi, na atakuwa na haki. Tumia chombo kinachoonyesha kilichomo, ubandike nje karatasi inayosema ni mchezo na namba yako ya simu. Boksi jeusi lililofungwa kwa utepe, limefichwa mahali pa watu, litakuletea askari badala ya wasakaji. Ndani usitie chakula, kwa sababu wanyama watafika kabla ya timu yoyote.

Watu huniuliza kama makasha ya shindano yanaweza kuandikishwa Geocaching.com, tovuti ambako wasakaji huorodhesha makasha yao. Ya siku moja hayafai. Kule kasha linatakiwa liwekwe kwa nia ya kukaa angalau miezi 3, na liwe mita 161 au zaidi kutoka kwa jingine. Ukitaka baadhi yabaki, yapange hivyo tangu mwanzo na uyaandikishe kabla. Usiyaache tu kwa uvivu wa kuyakusanya.

Kuna desturi nzuri ya wasakaji kuokota taka wanapotoka porini, nami niliiingiza kwenye pointi: mfuko mmoja wa taka, pointi tatu. Wazo zuri, sheria mbovu. Timu moja iliburuta kiti cha plastiki kilichovunjika kutoka bondeni ikadai ni mifuko minne. Tulibishana, tukacheka, wakapewa mitatu. Sasa sheria inasema mfuko ufungike mdomo, na hesabu inaishia mifuko miwili, la sivyo unajikuta umeandaa shindano la kuzoa taka.

Zawadi iwe ndogo. Nimejaribu kubwa, na ilileta watu ambao sikuwahi kuwaona wakicheka. Ninachokipenda zaidi ni zawadi ya pili, inayopigiwa kura na timu zenyewe mwishoni: timu gani iliacha makasha vizuri kuliko zote. Mara mbili imekwenda kwa timu iliyoshika mkia. Timu ziwe za watu watatu au wanne. Wakiwa sita, wawili wanasaka na wanne wanatalii. Kila timu iwe na simu mbili, maana ramani inamaliza chaji haraka, na mmoja wao awe na namba yangu. Ikifika nusu saa baada ya kipenga cha mwisho na timu haijarudi, tunaacha kila kitu tunaitafuta. Hilo halijatokea, lakini nimewaandikia.

Kukusanya ndiyo kazi inayosahaulika kuliko zote. Umechoka, watu wanaaga, giza linaingia, na huko nje kuna makasha kumi na mawili uliyomwahidi mwenye ardhi kwamba hayatalala. Kuwa na orodha na utie alama kwa kila moja unaloliokota. Mimi mwaka mmoja niliamini kichwa changu. Nilihesabu kumi na moja, nikarudi na tochi, nikapekua kichaka cha kasha la tisa mpaka mikono ikachubuka. Kesho yake nikarudi na dada yangu. Nikampigia nahodha mmoja kumwuliza, kwa sauti ambayo sikuipenda mwenyewe, kama walilirudisha kweli. Akaapa kwamba walilirudisha, na picha akanitumia.

Nilimwomba radhi siku nne baadaye. Kasha la tisa lilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa begi langu.