Haidrojeni ya kijani ina rangi gani?

SWALI: Shikamoo. Nafundisha sekondari hapa Moshi. Wanafunzi wangu wanaandaa mdahalo kuhusu nchi za visiwa kuachana na dizeli. Mmoja ameandika: "Haidrojeni kijani itayaokoa mataifa ya visiwani." Mwenzake akauliza gesi ya kijani inaonekanaje. Tuandike "haidrojeni kijani" au "haidrojeni ya kijani"? Na je, ni "haidrojeni" au "hidrojeni"?

JIBU: Marahaba, mwalimu. La mwisho ni jepesi: tahajia zote mbili zinatumika, mradi usizichanganye katika andiko moja. Mimi naandika haidrojeni, kama ninavyoandika naitrojeni.

Sasa kijani. Neno hili ni nomino, limezaliwa na jani, kama kijivu kilivyozaliwa na jivu na kahawia na kahawa. Likitaka kueleza nomino nyingine, lazima lishikwe mkono na a-unganifu: shati la kijani, mlango wa kijani, magari ya kijani. Vivumishi halisi vya rangi ni vitatu tu, -eupe, -eusi na -ekundu, na hivyo havihitaji kushikwa: shati jeupe, mlango mwekundu. Mtaani utasikia "shati kijani", na katika mazungumzo halina ubaya. Kwenye maandishi ya shule, iwe haidrojeni ya kijani.

Huyo aliyeuliza inaonekanaje, naomba umpongeze kwa niaba yangu. Haidrojeni haina rangi wala harufu. Kijani kinachotajwa ni sifa ya umeme uliotumika: maji yametenganishwa kwa umeme wa jua, upepo au chanzo kingine kisichochafua hewa. Ikitengenezwa kwa gesi asilia, na hewa ukaa ikaachwa ipae, huitwa ya kijivu. Hewa hiyo ikinaswa, huitwa ya buluu. Ukiifungia kwenye mitungi mitatu, hakuna jicho litakaloitofautisha.

Kuifanya rangi ya majani ibebe maana ya usafi ni mazoea mapya kwetu. Nenda sokoni Mbuyuni asubuhi, usimame mbele ya mikungu iliyoshushwa kutoka mlimani. Hutasikia mtu akiomba "ndizi za kijani", ingawa ndiyo rangi yake. Ataomba ndizi mbichi. Kwa hiyo msomaji asiachwe abahatishe. Mara ya kwanza andika: "haidrojeni ya kijani, yaani inayotolewa kwenye maji kwa umeme wa jua au upepo". Baada ya hapo, jina linatosha.

Hukuniuliza kuhusu "mataifa ya visiwani", lakini hapo ndipo sentensi inapoyumba zaidi. Kwa Mtanzania, Visiwani ni Zanzibar. Tunasema Bara na Visiwani. Na hali ya Zanzibar ni nyingine, kwa kuwa huvuta umeme kutoka Bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Hata hivyo, njia hiyo ilipoharibika Desemba 2009, Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu. Komoro na Maldivi hazina bara la kuvuta umeme kwake. Mitambo yao hutegemea zaidi mafuta yanayoletwa kwa meli. Hizo ziite nchi za visiwa.

Limebaki "itayaokoa". Hiki ndicho kitenzi ningekipigia mstari mwekundu. Kutengeneza kilo 1 ya haidrojeni hula uniti 50 au zaidi za umeme, na kilo hiyo ikigeuzwa tena kuwa umeme hurudisha uniti zisizofika 20. Kilo hiyo hiyo hutaka pia lita 9 za maji safi, na zipo nchi za visiwa ambako maji baridi ni ya shida. Kitenzi kinachoitendea haki ni kuhifadhi: umeme wa jua au upepo unaozidi mahitaji huwekwa akiba ndani ya gesi badala ya kupotea. Huko Orkney, visiwa vya Uskoti vyenye upepo mwingi, umeme uliokosa nafasi kwenye nyaya ulitumika kutengeneza haidrojeni katika kisiwa cha Eday. Gesi ikapandishwa feri hadi bandari ya Kirkwall, na huko ikageuzwa umeme wa kuhudumia vyombo vilivyotia nanga.