Kwotabeki anabeba timu au anabebwa?

SWALI: Habari za kazi mhariri wa michezo. Mimi ni Mtanzania niko Dallas, hapa kazini kila Jumatatu ni kelele za Cowboys tu, timu ya hapa ya futiboli ya Kimarekani, wakishinda ni Dak Prescott, kwotabeki wao (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), wakifungwa ni Dak Prescott, na jamaa mkataba wake wa 2024 ni wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka! Nimekulia kwenye soka, sielewi mtu mmoja anabebeshwaje lawama na sifa zote. Kiukweli kwotabeki anachangia kiasi gani? – Mnyama wa Dallas, Texas

JIBU: Karibu Mnyama. Hakuna mchezaji anayechangia kumzidi, ila hachangii kwa kiwango wanachopiga kelele hao wenzako, na timu yenu ndo mfano mzuri. Msimu wa 2024 Prescott alianza mechi 8, wakashinda 3 wakafungwa 5, akaumia msuli wa nyuma ya paja ndo msimu ukaisha kwake, wakaingia wa akiba Cooper Rush na Trey Lance wakashinda 4 wakafungwa 5. Yaani milioni 60 zikiwepo zisiwepo, palepale. Usikimbilie kusema Prescott hana kitu lakini, mwaka mmoja nyuma walishinda 12 kati ya 17 yeye akiwa hapohapo.

Ujue pia wanaoshambulia sio wanaozuia. Mpinzani akipata mpira kwotabeki anaenda benchi kunywa maji, kwaiyo karibu nusu ya mechi hayupo kabisa. Ila kwenye nusu yake karibu kila mpira unaanzia mikononi kwake, ana kama sekunde 3 za kuamua amtupie nani huku mijitu ya kilo 120 inakuja kumlaza chini, na hao wanaomkinga wakilegea hata awe nani atalala tu. Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, mnamjua, Super Bowl (fainali ya ligi) ya Februari 2025 Eagles walimwangusha na mpira mkononi mara 6, ikaisha 40-22.

Afu kinachonikera ni hii tabia ya kumwandikia kwotabeki ushindi kwa jina lake, ni kama kipa kupewa klini shiti wakati mabeki ndo waliohangaika yeye hajachafua hata glovu. Peyton Manning msimu wa 2015 alitupa pasi 9 za tachidauni, yaani za kufunga, na pasi 17 zikadakwa na wapinzani, na bado Broncos wakabeba Super Bowl! Ulinzi ndo uliobeba, mchezaji bora wa fainali akawa Von Miller, mzuiaji.

Ila huyohuyo Manning, 2010 akiwa Colts walishinda 10 wakafungwa 6, mwaka uliofuata shingo ikamweka nje msimu mzima wakashinda 2 wakafungwa 14. Unaona? Sasa Patriots nao 2008 Tom Brady aliumia goti mechi ya kwanza, akaingia Matt Cassel ambaye hata chuoni hakuwa anaanza, wakamaliza na ushindi 11. Kilichowaokoa ni wadakaji Randy Moss na Wes Welker na kocha Bill Belichick, wakati Colts kila kitu kilikuwa kimeegemezwa kwa Manning. Mtu atasema mwaka wa nyuma Patriots walishinda zote 16 kwaiyo Brady ni mechi 5, mimi napunguza, maana 16 kwa 16 hairudiwi kirahisi hata angekuwepo. Nikibanwa nitaje namba, kwotabeki mkali sana akichukua nafasi ya wa kawaida nampa mechi 3 au 4 kwa msimu. Sio ndogo hiyo, ndo tofauti ya kuingia mtoano na kwenda likizo.

Shida inakuja kwenye hela. Ukomo wa mishahara ya timu nzima 2024 ulikuwa kama dola milioni 255, na kikosi ni watu 53, toa 60 uone wengine wanagawana nini. Ndo maana dili tamu kwenye ligi ni kwotabeki mzuri ambaye bado yuko mkataba wa mwanzo. Kwotabeki Brock Purdy alichaguliwa wa mwisho kabisa timu zilipogawana wachezaji wapya 2022, namba 262, msimu uliofuata analipwa chini ya milioni moja akawafikisha 49ers fainali, wakalala 25-22 kwa Chiefs muda wa nyongeza. Sasa hivi naye ni wa milioni 53 kwa mwaka.

SWALI: Kaka, mbona tuzo ya MVP (mchezaji bora) ya ligi wanapeana makwotabeki tu? – Dada wa Minneapolis

JIBU: Dada yangu, wa mwisho kutoka nafasi nyingine ni wa hapohapo kwenu, Adrian Peterson, mkimbiaji wa Vikings, msimu wa 2012, na ilibidi akimbie yadi 2,097 ndo wakamwona.