Maswali ya wasomaji: Bangi dukani, unga gizani, na neno "kuhalalisha" linalotuchanganya

Mjadala wa kuhalalisha dawa za kulevya za starehe umetuletea barua nyingi kuliko mada yoyote ya karibuni. Tumechagua saba. Zilizofanana tumeziunganisha, na zilizokuwa na matusi tumeziacha zilale.

SWALI: Shikamoo mhariri. Sisi ni kikundi cha mdahalo shuleni, na mada yetu ni "Dawa za kulevya za starehe zihalalishwe". Tunaunga mkono. Tatizo ni kwamba kila tukitaja nchi, wapinzani nao wanaitaja hiyohiyo kwa maana nyingine. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, vijana. Anzeni kwa kulisimamisha neno "kuhalalisha" mlangoni na kulikagua, maana limebeba mizigo mitatu isiyofanana. Kuna kuondoa jinai: dawa inabaki marufuku na kuiuza ni kosa la jinai, ila aliyekutwa na kiasi cha matumizi yake hapelekwi mahakama ya jinai. Kuna kufumbia macho: kosa limo kitabuni, lakini polisi na waendesha mashtaka wameelekezwa waliache chini ya masharti fulani. Na kuna kuhalalisha kwenyewe, ambako dola inatoa leseni ya kulima, kufungasha na kuuza, kisha inakusanya kodi.

Ili majaji waone tofauti, chukueni mtu mzima mwenye gramu 20 za bangi kavu mfukoni mumtembeze duniani. Kanada anapita zake: sheria iliyoanza tarehe 17 Oktoba 2018 inamruhusu hadi gramu 30 hadharani. Ujerumani pia anapita, kwani kikomo tangu Aprili 2024 ni gramu 25. Ureno hashtakiwi kwa jinai, lakini bangi inachukuliwa na yeye anapewa wito wa kufika mbele ya tume. Malta, ambako ruhusa inaishia gramu 7, analipa faini ya kati ya euro 50 na 100. Ndani ya Marekani peke yake, Colorado haguswi. Texas anaweza kufungwa hadi siku 180. Akifika Singapore ameumia. Bangi inayozidi gramu 15 inamfanya ahesabiwe kuwa mfanyabiashara mpaka yeye mwenyewe athibitishe sivyo, na adhabu ya chini ya kosa hilo ni miaka mitano jela na viboko vitano.

Sasa mpinzani akisema "Ureno wamehalalisha", mwulizeni duka liko wapi. Halipo. Akitaja Uholanzi, mwambieni ile ni nchi iliyofumba macho. Mkahawa wa bangi unaruhusiwa kumuuzia mteja gramu 5 na kuweka akiba ya gramu 500, lakini kwa miongo mingi aliyeulimia mkahawa huo alibaki mhalifu. Bidhaa ilitoka kwa uwazi mlango wa mbele na kuingia kwa magendo mlango wa nyuma. Ni Desemba 2023 tu ndipo yalipoanza majaribio ya wakulima wenye kibali, miji ya Breda na Tilburg ikitangulia.

SWALI: Mbona kitu kilekile, yaani kuondoa jinai, kilisifiwa Ureno na kikafutwa Oregon, jimbo la Marekani? Je, si ushahidi kwamba kulegeza sheria hakufai? (Mwanasheria)

JIBU: Havikuwa kitu kimoja, Wakili. Vilifanana kwenye kifungu kinachomtoa mtumiaji jela. Kilichofuata baada ya hapo ndicho kilicholeta tofauti.

Sheria ya Ureno, namba 30 ya mwaka 2000, ilianza kutumika Julai 2001. Inahusu dawa zote, si bangi tu, kwa kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 (tangu 2023 kikomo hicho ni cha kukadiria tu). Kwa vitendo hiyo ni gramu 25 za bangi, 5 za hashishi (utomvu wa bangi), 2 za kokeini, 1 ya heroini. Aliyekamatwa anafika ndani ya saa 72 mbele ya tume ya watu watatu, mmoja mwanasheria, wengine kutoka fani kama saikolojia, tiba au ustawi wa jamii. Wanamsaili: unatumia nini, tangu lini, unafanya kazi, unalala wapi? Asiye mraibu na aliyekuja mara ya kwanza shauri lake kwa kawaida linasimamishwa. Mraibu anaelekezwa kwenye tiba, na tume haimtozi faini, kwa sababu faini ya mtu mwenye arosto italipwa kwa wizi. Mkaidi anaweza kunyang'anywa leseni fulani, kuzuiwa kwenda sehemu fulani, au kutumikia jamii. Muhimu zaidi ni kwamba tume hiyo ilikuwa na mahali pa kumpeleka mtu. Methadoni (dawa anayopewa mraibu badala ya heroini), ubadilishaji wa sindano na vituo vya tiba vilipanuliwa sambamba na sheria. Maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojidunga yalikuwa zaidi ya 1,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Yakashuka hadi makumi.

Oregon wananchi walipiga kura Novemba 2020, na Februari 2021 sheria ikaanza. Polisi alitoa karatasi ya faini ya dola 100. Ukipiga simu namba fulani na kukubali kuhojiwa kuhusu afya yako, faini inafutwa. Usipopiga wala usipolipa? Hakuna kinachotokea. Hapo ndipo pengo lilipokuwa: karatasi nyingi zilitupwa, na waliopiga simu walikuwa wachache mno. Fedha za tiba, zilizotegemea kodi ya bangi, zilichelewa kufika kwenye vituo kwa zaidi ya mwaka. Wakati huohuo fentanili, dawa ya maabara iliyo kali kuliko heroini, ilikuwa inaingia pwani ya magharibi ya Marekani, kwa hiyo si haki kuibebesha sheria hiyo vifo vyote vya kipindi kile. Lakini mpiga kura aliyeona watu wakivuta fentanili kandokando ya barabara hakungoja wachambuzi wamalize hesabu. Septemba 2024 kumiliki dawa kukawa kosa la jinai tena.

Kwa maoni yetu, kosa la Oregon lilikuwa la mpangilio: waliondoa adhabu kabla ya kujenga mlango wa kuingilia kwenye tiba. Na msidhani Ureno imekingwa na kosa hilo. Taasisi iliyounganisha kazi yote ilivunjwa mwaka 2012, tiba ikahamishiwa kwenye mamlaka za afya za mikoa, na malalamiko ya mateja kurudi mitaani yakaanza kusikika tena. Sheria yenyewe haikuguswa wakati huo. Kilichobadilika ni huduma iliyokuwa nyuma yake.

SWALI: Wanasema bangi ikiuzwa dukani pusha atafunga biashara. Ni kweli?

JIBU: Anapungukiwa wateja pale tu duka linapomshinda kwa bei, umbali na ubora. Sheria peke yake haimsumbui. Ameishi kinyume cha sheria siku zote.

Bei kwanza, na hapa wengi hujikwaa kwenye aina ya kodi. Kanada iliweka ushuru wa dola 1 kwa gramu au asilimia 10 ya bei ya mzalishaji, ile iliyo kubwa zaidi. Gramu ikiuzwa na mzalishaji kwa dola 10, viwango hivyo viwili ni sawa, dola 1. Mashamba yakazidi, bei ya jumla ikaporomoka. Gramu iliyoshuka hadi dola 3 bado inadaiwa dola 1 ileile, yaani theluthi ya bei. Wenye leseni wakalia, na pusha asiyelipa ushuru akapumua. Kodi ya asilimia ingeshuka pamoja na bei. Kodi ya uzito haijui kushuka. Yapo pia mapendekezo ya kutoza kwa miligramu za THC, ile kemikali inayolevya, ili bangi kali igharimu zaidi, kama pombe kali inavyotozwa kuliko bia. Tatizo lake ni maabara: kodi ikifuata namba iliyo kwenye lebo, mzalishaji atatafuta maabara inayompa namba anayoitaka.

Umbali nao si mdogo. California ilihalalisha kwa kura ya mwaka 2016, lakini ikaziachia serikali za mitaa kuamua kuhusu maduka, na zaidi ya nusu zikakataa. Mteja wa huko ana haki ya kununua ila hana duka karibu. Pusha anamletea mlangoni.

Uruguay, nchi ya kwanza kuhalalisha kitaifa (Desemba 2013), ilitoa njia tatu: miche 6 nyumbani, klabu ya watu 15 hadi 45, au famasi, ambako mtu aliyejisajili huthibitishwa kwa alama ya kidole na hapati zaidi ya gramu 40 kwa mwezi. Ni mpango wa tahadhari sana, na tahadhari hiyo ina gharama yake. Famasi zilizoanza kuuza Julai 2017 zilikuwa 16 tu kwa nchi nzima. Benki, zikihofia sheria za Marekani, zikatishia kuzifungia akaunti, na baadhi ya famasi zikajitoa. Isitoshe, bangi ya serikali ilikuwa dhaifu, na wavutaji wakasema wazi kwamba ya magendo inakolea zaidi. Ndiyo maana aina kali zaidi iliongezwa mwishoni mwa 2022.

SWALI: Nina mjukuu wa miaka minne. Mwanangu anaishi nchi ambako bangi ni halali na anaweka pipi zake kwenye friji. Nisiwe na wasiwasi?

JIBU: Wasiwasi wako una msingi, mama. Pipi hizo hazifanani na moshi. Anayevuta hulewa ndani ya dakika chache. Anayekula husubiri kati ya nusu saa na saa mbili, kwa sababu THC inapitia kwenye ini, ambako hugeuzwa kuwa kemikali nyingine yenye nguvu, na ulevi unaweza kudumu saa sita, nane au zaidi. Mtu mzima hukosea hapohapo: anakula moja, haoni kitu, anaongeza, kisha zote zinampanda kwa pamoja.

Mtoto hula pakiti nzima kwa kuwa ni tamu. Kanada inazuia pakiti isizidi miligramu 10 za THC. Colorado inaruhusu miligramu 10 kwa kipande na 100 kwa pakiti, ingawa imepiga marufuku pipi zenye umbo la mnyama, tunda au mtu. Kwa mtoto wa miaka minne hata kipande kimoja ni kingi.

Mwambie mwanao aziweke kwenye kisanduku chenye kufuli, juu, ndani ya pakiti zake za asili, kamwe si kwenye bakuli la pipi. Mtoto akila: usimtapishe, usimpe maziwa ukidhani yanakata sumu. Mpeleke hospitali mara moja na ubebe pakiti, kwani daktari atataka kujua miligramu ngapi na saa ngapi. Kusinzia kusiko kwa kawaida, kuyumba na kupumua polepole ni dalili za kukimbilia huduma ya dharura. Na mwambie daktari ukweli. Akifichwa atahangaika na vipimo vya kichwa na vya uti wa mgongo bure.

SWALI: Mikataba ya kimataifa si inakataza haya yote?

JIBU: Inakataza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unataka dawa hizi zitumike kwa tiba na sayansi pekee, na Kanada na Uruguay zimekwenda kinyume nao. Bodi ya kimataifa ya udhibiti inalalamika, lakini haina polisi. Bolivia ilichagua njia ya wanasheria: ilijitoa kwenye mkataba huo, ikarudi Januari 2013 na hifadhi (sharti la kutofungwa na sehemu fulani ya mkataba) ya kuruhusu kutafuna majani ya koka. Desemba 2020 bangi iliondolewa kwenye jedwali kali zaidi la mkataba kwa kura 27 dhidi ya 25, mmoja akijizuia, ila imebaki kwenye jedwali la kwanza, ambalo bado linaidhibiti. Kwa hiyo anayesema "Umoja wa Mataifa umehalalisha bangi" amesoma kichwa cha habari tu.

SWALI: Kama hoja ni kumnyima pusha soko, mbona hamsemi heroini nayo iuzwe?

JIBU: Kwa sababu anayekosea kipimo cha heroini anaacha kupumua. Bangi ikizidi hutisha na kutapisha. Unga ukizidi huua, na siku hizi kete nyingi katika masoko ya Amerika Kaskazini zina fentanili, ambayo ina nguvu takriban mara 50 ya heroini. Lakini hoja yako ina nusu ya ukweli: sumu hiyo inatoka kwenye soko lisilo na lebo.

Uswisi ilikata katikati. Tangu 1994 inatoa heroini safi kwa mateja wa muda mrefu walioshindwa na tiba nyingine. Haipo rafu wala bango. Mgonjwa anakwenda kliniki, kwa kawaida mara mbili kwa siku, anajidunga dozi iliyopimwa huku muuguzi akimwangalia, anaondoka. Tarehe 30 Novemba 2008 wananchi waliupitisha utaratibu huo kwa asilimia 68 ya kura. Siku hiyohiyo, katika sanduku hilohilo, walikataa kuhalalisha bangi kwa asilimia 63. Wengi huona kinaya. Sisi tunaona wapiga kura waliojua kutofautisha dawa ya mgonjwa na starehe ya mzima.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori. Trafiki atanipimaje bangi kama pombe?

JIBU: Hawezi kwa namna ileile, ndugu dereva. Pombe hutoka mwilini kwa mwendo unaokadirika, na pumzi inatosha kuipima. THC hukimbilia kwenye mafuta ya mwili. Kiwango chake katika damu hushuka haraka wakati kichwa bado hakijatulia, na kwa mvutaji wa kila siku mabaki huonekana hata akiwa timamu. Ujerumani imechagua kikomo cha nanogramu 3.5 kwa mililita ya seramu (majimaji ya damu), na ukichanganya na pombe unaadhibiwa zaidi. Madereva wapya na walio chini ya miaka 21 hawaruhusiwi hata chembe. Kwa wewe wa lori lipo la ziada: mwajiri wako anaweza kukupima mkojo, na mkojo huonyesha bangi siku nyingi, hata wiki kadhaa kwa mvutaji wa kila siku, baada ya msokoto wa mwisho. Uhalali wa dukani haukulindi hapo.