Jibu: Mzee kuganda mlangoni baada ya chakula cha mchana

Umeuliza kwa nini mzee wako hapo Kisumu hutembea vizuri asubuhi, lakini akishakula ugali na samaki saa saba miguu inaganda mlangoni, na kama Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokaza mwili na kuutetemesha, imezidi. Huenda haijazidi. Majirani watasema amerogwa. Waache, wewe tazama kwanza saa ya dawa na saa ya sahani.

Levodopa, dawa yake ya Parkinson, hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Protini ya samaki, omena, maharagwe au maziwa hugombea njia hiyo hiyo, na hugombea tena dawa inapotoka kwenye damu kuingia ubongoni. Akimezea tembe chai ya maziwa, dawa inaweza kushindwa. Mpe kwa maji matupu, glasi nzima, nusu saa kabla ya kula. Kama amekwisha kula, ngojeni angalau saa moja. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo vipishane nayo saa mbili. Choo kikifunga, dawa nayo hukawia.

Samaki msimnyime, atakonda bure. Mpikieni jioni, mchana ale ugali na sukuma au mrenda. Kwa wiki moja andika daftarini saa ya dawa, saa ya kula na saa aliyoganda. Daktari ataisoma hiyo haraka kuliko maelezo ya familia nzima.

Akiganda, usimvute mkono: kiwiliwili kitatangulia, miguu itabaki, ataanguka. Asimame, apumue, aegemee mguu mmoja kisha mwingine, halafu avuke mstari wa utepe. Bandika utepe wa rangi kali sakafuni kabla na baada ya kizingiti, ukiachanisha kwa hatua yake moja. Mkeka wa mlangoni toa.

Jambo linalokosewa sana: akitapika, kliniki nyingi hukimbilia Plasil, yaani metoklopramaidi. Dawa hiyo huzuia dopamini, kemikali ile ile anayoikosa, na kesho yake huenda ukamkuta mkavu kama gogo. Badala yake ulizia domperidoni, na umwambie daktari kama mzee ana shida ya moyo. Haloperidoli kwa mgonjwa anayeona vitu visivyokuwepo ina hatari hiyo hiyo. Andika Plasil (metoklopramaidi) na haloperidoli kuwa dawa asizopewa, kwenye jalada la kadi yake ya kliniki, kwa kalamu nyekundu. Na levodopa isikatizwe ghafla hata ikiisha wikendi. Nunua nyingine zikibaki za siku kumi.