Nilipanda Mweka kwa chai ya rangi: kwa unayekimbia kilomita 21 mara ya kwanza

Kila mwaka ikifika Januari napigiwa simu na mtu aliyekwisha kulipia nusu marathoni ya Kilimanjaro, na sasa anauliza aanzeje mazoezi. Zimebaki wiki 6, pengine 5. Simcheki. Mimi nililipia nikiwa na wiki 7, na 3 kati ya hizo niliziteketeza nikitafuta raba.

Mazoezi yangu yalikuwa mpira wa Jumamosi na kilomita 5 za jioni mara 2 kwa wiki. Siku niliyojitutumua kweli nilifika 8. Nikapiga hesabu ambayo naamini hata wewe unaipiga: anayemaliza 8 huku anapiga soga atashindwaje 21, si ni kupunguza mwendo tu? Pumzi haikunidanganya, ilikuwepo mpaka mwisho. Kilichoisha ni miguu, na kabla ya miguu kiliisha chakula.

Mbio zinaanzia Uwanja wa Ushirika, Moshi, zinapita mjini, halafu zinapanda kuelekea kijiji cha Mweka kabla ya kugeuka na kurudi chini. Sisi wa Dar tukiambiwa hivyo tunafurahi: taabu mapema, starehe baadaye. Na kweli kupanda kulinipendeza. Migomba huku na huku, watoto wamesimama barabarani wanatunyooshea viganja tuwagonge, kina mama wanatushangilia kwa Kichaga nisichokielewa. Nilipita watu. Nilipogeuza nikajiona mwanamume, nikaachia miguu.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Ukishuka mteremko, misuli ya mbele ya paja inageuka breki: inakaza huku inavutwa, na kila hatua inaacha michubuko midogo ndani yake. Paja lililozoea mteremko linavumilia. La kwangu lilizoea uwanja wa mpira na barabara tambarare za Mbezi. Kama una daraja au kilima karibu, kikimbie kupanda na kushuka mara 1 kwa wiki, na usiione sehemu ya kushuka kuwa mapumziko.

Sasa chakula, maana hapa ndipo wengi mnapoaibika bila kujua sababu.

Jumamosi nilikaa kwenye basi toka alfajiri mpaka alasiri, nikinywa maji kidogo kwa kuogopa kuomba dereva asimame. Usiku nikala mishikaki na kachumbari, kwa kuwa mtu aliniambia mkimbiaji anahitaji nyama. Asubuhi nikanywa chai ya rangi bila kitafunwa, nisije nikaumwa kichomi. Kwa hiyo niliingia barabarani na akiba ya juzi.

Mwili unatunza wanga wa akiba kwenye misuli na kwenye ini, jumla kama gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima aliyekula vizuri. Kukimbia kunakula takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wako kwa kila kilomita. Mimi nina kilo 72, kwa hiyo kilomita 21 ni kalori 1,500 hivi. Tangi likiwa limejaa linatosha, kwa kuwa gramu 1 ya wanga ni kalori 4 na mafuta ya mwili nayo yanachangia. Lakini akiba ya ini hupungua sana usiku ukiwa umelala, na ini ndilo linalolisha ubongo. Wanga uliomo kwenye misuli ya mikono nao hauwezi kuhamia miguuni. Kila msuli unakula chake. Tena ukikimbia kasi kuliko uwezo wako, kama nilivyofanya nikipanda, mwili unaacha mafuta na kuchoma wanga zaidi.

Karibu na kilomita ya 16 jua likiwa limewaka nilipata vinyweleo kusimama kama mtu wa malaria. Jasho la baridi. Vidole vikitetemeka. Nikamchukia mtu aliyekuwa mbele yangu kwa sababu tu ya rangi ya fulana yake. Mzee mmoja nje ya duka akaniangalia, akaingia ndani, akanitokea na ndizi mbivu 2 na soda. Nilikula nimekaa kwenye kreti. Baada ya dakika 10 hivi dunia ikarudi, ila mapaja hayakurudi. Nilitembea karibu njia yote iliyobaki.

Ningefanyaje? Siku 2 kabla ningekula wali, ugali, viazi, vile vile ninavyovila nyumbani, ila nyama na mafuta ningevipunguza. Saa 2 au 3 kabla ya kuanza, hata kama ni usiku wa manane, mkate na asali, uji wenye sukari, au viazi vitamu vya kuchemsha. Njiani, kuanzia dakika ya 40, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Tende 3 kubwa zinakaribia gramu 50, na zinakaa mfukoni. Glukosi ya unga kwenye maji nayo inafaa. Vyote hivi vijaribu kwanza siku za mazoezi marefu, maana tumbo lako lina maoni yake, na Mweka si mahali pa kuyasikiliza. Maji kunywa ukisikia kiu. Kujaza tumbo kila meza ya maji bila chumvi wala chakula kunaweza kuishusha chumvi ya damu, na hilo ni hatari kweli.

Kwa mazoezi nakuomba wiki 10 hadi 12, mbio ndefu 1 kila wiki, ikipanda polepole mpaka 16 au 18, kisha wiki 2 za mwisho unapunguza. Kama una wiki 4 na hujawahi kuvuka 8, kimbia kilomita 5. Zipo siku hiyo hiyo, na hakuna atakayekuuliza.

Najua utanitajia John Stephen Akhwari, aliyeanguka Mexico City mwaka 1968 akaumia goti na bado akamaliza marathoni akichechemea. Wenzangu walinitajia pia. Lakini Akhwari alikuwa mwanariadha wa Olimpiki aliyepatwa na ajali. Mimi ajali yangu niliiandaa kwa wiki 7. Kifua kikibana au kizunguzungu kikizidi, toka barabarani, kaa, ita watu wa huduma ya kwanza.

Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 54. Jumatatu nilishuka ngazi za nyumba ya wageni kinyumenyume, nimeshika ukuta, nikapanda basi la Dar. Tuliposimama Korogwe watu wote wakashuka kula. Mimi nilimpa jirani yangu hela dirishani, akaniletea chipsi mayai, na soda akaniongezea kwa huruma.